Ardhi ya Mawe na Moyo wa Mawe: Historia ya Maneno ya Kiarabu juu ya Ukali na Ugumu



Katika seminari tulijifunza kutafuta mizizi ya maneno ya Kilatini, na wengine wetu walifika hata kwa Kigiriki na Kiebrania. Lakini iko lugha nyingine, ndugu ya Kiebrania, tunayoitumia kila siku katika mahubiri, katika kitubio na njiani, wala hatufikiri juu yake: ni Kiarabu. Mtu akisema huzuni, shida, mashaka, hasira, adhabu, anasema maneno yaliyotoka Arabuni, yakavuka bahari, yakapanda mpaka Tanganyika na Lualaba, yakaingia kinywani mwa babu zetu. Nayo mengi katika hayo ni maneno ya ukali na ugumu. Nataka tutazame historia yake, kwani mtu asiyejua maneno yake yametoka wapi anaweza kuumiza watu nayo, akidhani anawafariji.

1. Namna maneno haya yalivyotufikia

Tunajua habari yenyewe. Tangu karibu mwaka 1860 wafanyabiashara wa Unguja na Wangwana wao walifika Maniema kutafuta pembe na watumwa. Wakajenga Nyangwe na Kasongo. Mwaka 1871, tarehe 15 Julai, Livingstone aliona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, na moyo wake ukavunjika. Baadaye Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, akatawala nchi kubwa, na mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilimaliza utawala wa watu wale, lakini havikumaliza lugha yao. Kiswahili kilibaki, nacho kilibaki na shida na adhabu zake.

Wakati uleule Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufika Ujiji, mwaka 1879, na wakavuka ziwa kuja upande wetu. Walifika Mpala mwaka 1885, wakaanzisha Baudouinville mwaka 1893. Walifundisha katekisimu kwa lugha ileile ya misafara. Na katika Baudouinville, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika wana wa nchi yetu. Ndiyo kusema lugha iliyobeba minyororo ilibeba pia Injili.

Wako watu wanaouliza: Je, inafaa mkristu kusali kwa maneno ya wale waliotufunga? Swali hili si la mchezo, kwani limetoka katika jeraha la kweli. Lakini tujibu kwa haki. Kiarabu si lugha ya wafanyabiashara wa watumwa peke yao. Siku ya Pentekoste Waarabu walikuwa kati ya wale waliosikia mitume, kama Matendo yanavyoandika. Kabla ya kuja kwa dini ya Kiislamu, yalikuwako makabila ya Waarabu wakristu, kama Ghassani karibu na Siria, na mji wa Najran upande wa kusini. Na mpaka leo Wamaroni, Wamelkiti na Wakopti wanamwomba Mungu kwa Kiarabu. Neno halina dhambi. Dhambi iko katika moyo wa anayelisema.

2. Ardhi isiyopitika

Tuanze na ardhi, kwani Waarabu wa zamani walikuwa watu wa njia. Mtu wa ngamia hupima nchi kwa miguu ya mnyama wake. Nchi laini, tambarare, waliiita sahl. Nchi ya mawe na makorongo, inayochosha wanyama, waliiita hazn. Na pale penye mawe makali ama vichaka vizito waliita wa'r. Neno hili la mwisho lina ndugu katika Kiebrania: ya'ar, ndiyo kusema mwitu. Jangwani ugumu wa njia ni mawe. Katika nchi yenye mvua ni miti. Mzizi ni mmoja, nchi ndizo mbili. Sisi tunaoishi karibu na mwitu mkubwa twafahamu upesi jambo hilo.

Sasa tutazame hazn. Ni mzizi mmoja na huzn, ambalo ndilo huzuni yetu. Mwanachuoni ar-Raghib wa Isfahani, katika karne ya 11, aliyefanya kamusi ya maneno ya Kurani, alieleza ya kwamba huzuni ni ukwaruzo ndani ya nafsi, sawa vile kuna ukwaruzo katika ardhi. Mawazo mazuri! Mtu mwenye huzuni si mtu dhaifu tu, wala si mtu asiye na imani. Ni mtu ambaye nafsi yake imekuwa nchi ya mawe. Hatua zake ni nzito. Ukimwendea, wewe pia uende polepole, usije ukajikwaa na kumkwaza.

Waislamu wana habari nyingine juu ya neno hilo, na Bukhari, aliyekufa mwaka 870, aliiandika katika mkusanyo wake. Mtu mmoja jina lake Hazn alifika mbele ya Muhamadi. Muhamadi akamwuliza jina, akataka ambadilishie aitwe Sahl, ndiyo kusema Laini. Mtu yule akakataa: hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Sa'id bin al-Musayyib, mwalimu mashuhuri wa Madina, alikuwa akisema ya kwamba tangu siku ile ugumu wa tabia haukuondoka katika nyumba yao. Wazee wetu nao walijua ya kuwa jina lina nguvu, na mtoto aliyezaliwa katika matata hupewa jina la matata. Hatukosi wakristu wenye majina kama hayo, nao wangefurahi kusikia siku ya ubatizo ya kwamba Mungu anaweza kuwapa njia laini.

Hapa niweke onyo moja kwa wale wanaopenda kutafuta asili ya maneno haraka haraka. Watu wengine hudhani ya kwamba sahl na Swahili ni neno moja, kwa hiyo Kiswahili kingekuwa lugha rahisi. Sivyo. Swahili imetoka katika sahil, ndiyo pwani, na wingi wake sawahil. Herufi H ya maneno haya mawili ni mbalimbali katika Kiarabu, ingawa sisi hatusikii tofauti. Kiswahili ni lugha ya pwani. Kama ni rahisi, waulize wanafunzi wetu.

3. Nguo inayokwaruza

Neno la kawaida la Kiarabu kwa kitu kinachokwaruza ni khashin. Mkono wa mkulima ni khashin. Nguo isiyosokotwa vizuri ni khashin. Maneno ya mtu asiyefundishwa ni khashin. Kilatini nacho kilifanya hivyo: asper ni gome la mti, na asper ni mtu mkali. Lakini katika Kiarabu ukwaruzo huo una upande wake wa heshima. Yule anayevaa nguo mbaya kwa kupenda mwenyewe, huyo anajifundisha kuwa mtu wa Mungu.

Theofane, mwandishi wa historia wa Konstantinopoli katika karne ya 9, anasimulia namna kalifa Umar alivyoingia Yeruzalemu, karibu mwaka 638. Alikuwa amevaa nguo chafu ya manyoya ya ngamia. Patriarka Sofroni alimsihi apokee nguo safi, naye hakutaka. Mwisho akakubali kuivaa mpaka nguo yake mwenyewe ifuliwe. Theofane hakuisimulia habari hii kwa kumsifu Umar, kwani aliona unafiki ndani yake. Lakini msomaji mkristu anakumbuka mtu mwingine mwenye nguo ya manyoya ya ngamia: Yoane Mbatizaji.

Baadaye, katika karne ya 8, watu wacha Mungu wa Iraki walianza kujulikana kwa nguo zao za sufu. Sufu kwa Kiarabu ni suf. Wataalamu wengi wanakubali ya kwamba ndiyo asili ya jina Sufi. Kabla yao wamonaki wa Misri na Siria walivaa nguo za namna hiyo. Hapa kwetu neno hilo limechukua njia ya kuchekesha kidogo: kwa Kiswahili sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi, tunayotia ndani ya mito ya kulalia! Neno lililokuwa la toba limekuwa la usingizi. Waseminari watafahamu bila maelezo zaidi.

4. Moyo mnene na moyo wa mawe

Kutoka ardhi na nguo tuingie ndani ya mtu. Kiarabu kina maneno matatu kwa moyo mgumu.

La kwanza ni qasi. Asili yake ni ugumu wa kitu kikavu. Kurani, katika sura ya pili, yawalaumu Waisraeli ya kwamba mioyo yao imekuwa migumu kama mawe, tena kupita mawe, kwani yako mawe yanayopasuka na kutoa maji. Kiebrania kina neno hilohilo: qashe. Nalo ndilo neno la kitabu cha Kutoka kwa watu wenye shingo ngumu, walioabudu ndama. Kigiriki cha Injili kinasema sklerokardia, na Vulgata inasema duritia, pale Yezu anapoeleza sababu gani Musa aliwaruhusu watu kuacha wake zao. Basi tangu Sinai mpaka Galilea, na tangu Galilea mpaka Meka, malalamiko ni yaleyale: jiwe limekaa pahali pa moyo. Naye Ezekieli anaahidi ya kwamba Mungu ataliondoa jiwe hilo.

La pili ni ghalidh. Maana yake ya kwanza ni nene, zito, kama kamba nene ao kitambaa kizito. Kutoka hapo limekwenda njia mbili. Moyo ghalidh ni moyo mnene usiosikia, kama ngoma yenye ngozi mbovu. Lakini ahadi ghalidh ni ahadi nzito, imara, isiyokatika. Kurani inatumia neno hili kwa agano la mume na mke. Ndiyo kusema sifa ileile ni mbaya katika moyo na ni njema katika kiapo. Tunaofundisha juu ya ndoa tungeweza kutumia mfano huo: kamba iwe nene, moyo uwe mwembamba.

La tatu ni fadhdh, mtu mwenye maneno ya kukwaruza. Wanachuoni walieleza asili yake kwa namna ya ajabu. Walisema fadhdh ni maji yaliyo ndani ya tumbo la ngamia. Msafiri akikosa maji jangwani, akiwa karibu kufa, atamchinja ngamia wake na kunywa maji yale. Ni maji kweli, lakini hakuna anayeyapenda. Mtu huyanywa kwa sababu hana mengine. Mapadri wenzangu, tujiulize. Wako wakristu wanaokuja kwetu si kwa kuwa wanatupenda, lakini kwa kuwa sakramenti haziko pahali pengine. Wanakunywa, wakikunja uso. Sura ya tatu ya Kurani yamwambia Muhamadi ya kwamba kama angalikuwa fadhdh na mwenye moyo ghalidh, watu wangalitawanyika kutoka kwake. Si lazima tuwe Waislamu kwa kukubali ukweli wa jambo hilo. Kila mtu aliyekaa misioni ameona viti vitupu.

Hapa tena onyo. Neno qasi, mwenye moyo mgumu, linafanana sana na neno qissis, ambalo ndilo kasisi ya Waswahili wa pwani. Lakini mizizi yake si mmoja. Qissis ametoka katika Kisiria, qashisha, ndiyo kusema mzee. Sawasawa na Kigiriki presbyteros, lililozaa jina prêtre katika Kifaransa. Tena Kurani, katika sura ya tano, inasema vema juu ya makasisi na wamonaki, kwani hawana majivuno. Maneno mawili yanakaribiana masikioni tu. Ni juu yetu kwamba yasije yakakaribiana pia katika maisha.

5. Maneno yaliyobadilika njiani

Si maneno yote yaliyofika na maana yake yote. Mengine yalibadilika katika msafara, kama watu wenyewe.

Hasira kwa Kiarabu, hasra, si ghadhabu. Ni majuto, ni kite cha mtu aliyepoteza kitu kisichorudi tena. Siku ya hukumu yaitwa katika Kurani siku ya hasra. Katika Kiswahili neno limekuwa la kukasirika. Sijui mganga wa roho ambaye hawezi kufaidika na historia hiyo. Mara ngapi mtu mwenye hasira mbele yetu ni mtu mwenye kilio ndani! Mjane anayegombana na ndugu wa marehemu, kijana anayemtukana baba yake: ukitafuta chini ya hasira ya Kiswahili, utaikuta hasra ya Kiarabu.

Katili, kwa Kiarabu qatil, ni mwuaji tu, aliyeua mtu. Kwetu ni kila mtu mwenye kutesa, hata asipomwaga damu. Watu wa nchi hii walijifunza ya kwamba mtu anaweza kuua kidogo kidogo.

Shida ilitoka katika mzizi wa kufunga na kukaza. Shidda ni ukali wa kitu kilichokazwa sana. Waandishi wa Kiarabu wanatia alama ya shadda juu ya herufi iliyokazwa mara mbili. Basi mtu wa shida ni mtu aliyekazwa, kama mzigo uliofungwa kwa kamba. Waliobeba mizigo ya Wangwana kutoka Maniema mpaka pwani hawakuhitaji kamusi.

Mashaka ndilo neno la hatari zaidi. Katika Kiarabu yako maneno mawili: shakk, ndiyo wasiwasi wa akili, na mashaqqa, ndiyo mateso, kutoka katika mzizi wa kupasua. Kiswahili kimeyachanganya. Shaka ni wasiwasi, na wingi wake ni mashaka. Na mashaka ni taabu pia. Miaka yangu ya kwanza ya upadri nilikwenda kwa mama mmoja aliyezika mtoto wake wa tatu. Nikamwambia asiwe na mashaka, nikitaka kusema: asipoteze imani. Alinitazama, akainama, hakujibu. Njiani mwalimu wa dini, mzee wa kijiji kile, akaniambia kwa upole: "Padri, umemkataza kuteseka." Nilinyamaza. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika teolojia, na sikujua neno nililolisema. Siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza asili ya maneno. Padri Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, alinisaidia sana. Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa yule mzee.

6. Nguvu inayotengeneza

Tungekoma hapa, tungedhani ya kwamba maneno haya yote ni mawe matupu. Sivyo. Liko neno jabr. Jabbar ni mtu mwenye nguvu za kulazimisha, jitu ao mtawala mkali. Kwa Kiswahili jabari. Ni jina la Mungu pia kwa Waislamu, Mwenye enzi. Lakini jabara ni pia kuunga mfupa uliovunjika. Mganga wa mifupa analazimisha: anavuta, anakaza, mgonjwa analia. Ni nguvu, lakini nguvu ya kurudisha mfupa pahali pake.

Al-Khwarizmi wa Bagdadi, karibu mwaka 820, aliandika kitabu cha hesabu, akaita al-jabr ile kazi ya kuondoa upungufu upande mmoja wa hesabu kwa kuutia upande wa pili. Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini mwaka 1145, huko Segovia. Ndipo ilipotoka algebra iliyowatesa wengi wetu katika seminari ndogo. Katika Hispania ya zamani algebrista alikuwa mwunga mifupa. Kiebrania kina ndugu yake: gibbor, shujaa; na jina la Gabrieli, malaika aliyeleta habari njema kwa Bikira Maria, lina mzizi huohuo. Nguvu ya Mungu ilipofika Nazareti haikuvunja mlango. Ilingoja jibu la msichana.

Na mwisho kabisa, tutazame msalaba. Kwa Kiarabu sulb ni kitu kigumu, imara. Ni pia uti wa mgongo, na katika Kiarabu cha siku hizi ni chuma cha pua. Kutoka huko Waswahili wana sulubu, nguvu ya mtu wa kazi. Salib ndiyo msalaba. Tusidanganyike: wataalamu wanasema salib limetoka kwa wakristu wa Siria, katika neno lao sliba, wala halikuzaliwa na ule ugumu. Lakini yamekutana katika herufi zilezile tatu, na katika Kiswahili yanakaa jirani: sulubu, kusulubisha, msalaba. Mtu aliyesulubiwa alionekana amepoteza sulubu yake yote. Sisi tunaamini ya kwamba pale ndipo nguvu ilipoonekana.

Basi, ndugu zangu, tuyaache maneno haya? Hapana. Yametuumiza, lakini ni yetu sasa, na mababu waliyanunua kwa bei kubwa. Ila tuyatumie kwa akili. Walimu wa dini, mnapofundisha juu ya Mungu, msimwite mkali tu na kukoma. Mweleze ukali gani, ule wa kuvunja ao ule wa kuunga mfupa. Waseminari, mnapojifunza Kiebrania na Kilatini, msidharau lugha ya mama zenu, kwani Isaya na Ezekieli wako karibu nayo kuliko mnavyofikiri. Na sisi mapadri, kabla ya kumwambia mtu neno juu ya mashaka yake, tukae kwanza karibu naye, mpaka tujue ni mashaka gani.